Gari moja, kazi mbili: mafundi wa Butembo na Beni wanaweza kujenga kupé ya mbio?

Vijana wa garaji za Butembo na Beni wanatuuliza swali hili mara nyingi: kama fundi anaweza kufungua motere yote ya lori Fuso, kuitandika chini vipande vipande, na kuirudisha mpaka inawaka, anashindwa nini kujenga gari yake mwenyewe? Tena si gari yoyote. Wanataka kupé ya michezo, ile gari fupi ya milango miwili yenye paa linaloteremka nyuma kama mgongo wa samaki. Wanataka kopi ya zile wanazoziona kwenye simu, gari ya kushindana siku ya Yenga na kumpeleka mwenyewe kazini Siku ya Kwanza.

Sisi wa sendika ya wachimbaji tumeona vema kujibu hapa, sababu wengi wa hao vijana ni watoto wetu wa kazi. Wamejifunza ufundi kwa mapampu ya maji na makompresa ya Manguredjipa, fasi motere ikizimika shimo linajaa na watu wako ndani. Jibu letu ni ndiyo, kazi hii inawezekana. Lakini kuna masharti, na masharti hayo ndiyo yanayotenga gari na sanduku la maiti.

Wengine watasema: watu wanakimbia vijiji, njia zinafungwa na waasi, ninyi munasema juu ya gari ya mbio? Tunaelewa. Lakini kijana mwenye kujua kuchomelea na asiye na kazi ya kulipwa anarudi shimoni, ao anashika bunduki. Kumpa kazi ngumu inayomfundisha kupima, kukata na kuheshimu chuma si mchezo.

Gari sita tu zilizoleta kelele yote

Kupé inayokopiwa sana duniani ni Shelby Daytona. Historia yake ni fupi na iko na mafundisho. Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas aliyekuwa dereva wa mashindano, alichukua gari ndogo ya Waingereza wa AC akaitia motere kubwa ya Ford ya V8, litre 4.7. Gari hiyo iliitwa Cobra. Ilikuwa na nguvu mingi, lakini haikuwa na paa. Huko Le Mans, Ufaransa, kuna njia nyoofu ya karibu kilometa 6. Hapo upepo uliishika Cobra kama mtu anayekimbia na bati kifuani: haikupita sana kilometa 250 kwa saa, na Ferrari 250 GTO zikaiacha.

Kijana mmoja wa warsha hiyo, Peter Brock, akachora mwili mpya: paa lililofungwa, pua ya chini, na mkia uliokatwa wima kama kwa panga. Wenzake wengine walikuwa na mashaka kwamba umbo lile litafanya kitu. Motere ikabaki ileile, na shasi ya chini ikabaki ileile, ikiongezewa tu mabomba ya kuikaza. Lakini mwendo ukafika karibu kilometa 300 kwa saa. Mwaka 1964 gari hiyo ilitoka ya kwanza katika daraja la GT huko Le Mans, na ya nne kwa magari yote. Mwaka 1965 ikachukua ubingwa wa dunia wa daraja hilo. Zote zilizojengwa zilikuwa 6 tu.

Ndiyo maana watu wanajenga kopi, sababu za asili hazigusiki, ziko kwa matajiri na kwa nyumba za makumbusho. Huko Marekani kampuni ya Factory Five, iliyoanza mwaka 1995, inauza kupé ya namna hiyo kwa vipande: shasi iliyochomelewa na mwili wa nyuzi za kioo, na mnunuzi anatafuta motere na vifaa vingine kwa gari nzee. Waingereza walianza zamani zaidi. Tangu 1957 gari ndogo Lotus Seven iliuzwa kwa vipande, sababu mtu aliyejijengea mwenyewe hakulipa kodi ya gari mpya. Munaona kwamba kujenga gari nyumbani si kichaa cha Butembo.

Kwetu gari ya kazi mbili ilikwisha kuwako

Msomaji asifikiri kwamba gari ya mbio inayotembea pia barabarani ni kitu cha Wazungu peke yao. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Gari ya rally, kwa kanuni yake, inabeba plaki na taa, na kati ya sehemu moja ya kukimbia na nyingine inatembea kwa barabara ya watu wote, ikiheshimu alama kama taksi.

Mwaka 1965 Joginder Singh, aliyekuwa makanika wa Kenya, alishinda Safari na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Akarudia mwaka 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1971 ilishinda Datsun 240Z, na mwaka 1973 ilishinda tena, mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Hiyo 240Z ni kupé kamili: milango miwili, pua ndefu, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma. Ilipita matope na mawe, halafu ileile iliuzwa dukani kwa mtu wa kwenda sokoni.

Hapa ndipo neno letu kubwa kwa vijana: ngozi ya gari ikopiwe Le Mans, lakini miguu yake ikopiwe Safari. Huku kwetu hakuna uwanja wa lami wa mashindano. Fasi za kushindana zilizo karibu ni rally za Uganda, Rwanda na Kenya, na nyingi zinakimbia kwa udongo. Kupé inayogusa chini itafia kwa shimo la kwanza la mtaa.

Gari ya kuvunja

Kazi inaanza na gari nzee ya kutoa motere, vitesi, ekseli na nyaya. Hapa kwetu tuko na bahati. Magari ya Japani yanaingia kwa njia ya Mombasa, Kampala na Kasindi. Toyota Mark II, kwa mfano, iko na motere ya silinda 6 mbele na inasukuma kwa nyuma, mpangilio uleule wa Daytona. Motere yake ya litre 2 inatoa nguvu ya farasi 140 mpaka 160, kufuatana na mwaka.

Usidanganywe na namba hiyo. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu 1 kwa 100 kila mita 100 unazopanda, sababu hewa ni nyepesi. Farasi 160 za kiwandani zinabaki karibu 132 hapa mjini. Beni, iliyo chini zaidi, inarudisha kidogo. Motere ya karbireta inahitaji jikle ndogo huku juu, la sivyo inakunywa mafuta bure na kutoa moshi mweusi. Ile ya kompyuta inajirekebisha yenyewe.

Dawa ya hewa nyepesi ni uzito mdogo. Mark II nzima inapita kilo 1,300. Kupé ya mabomba ikijengwa vizuri inaweza kusimama karibu kilo 1,000. Kwa farasi zilezile 132, kila farasi anabeba kilo karibu 7 na nusu pahali pa 10. Hiyo ni zawadi ambayo hailipiwi franga.

Na kuna faida nyingine ambayo sisi tunaipenda kupita zote. Gari hizi za Japani ziko na volani kuume, nasi tunatembea kuume. Dereva anayetaka kupita lori kwa njia ya Beni haoni kitu mpaka atoe nusu ya gari nje. Mwenye kujenga shasi yake anaiweka volani kushoto, fasi inapopashwa kuwa. Lakini meno ya volani yatoke kwa gari iliyozaliwa na volani kushoto. Usikate na kuunganisha nguzo ya volani na kuichomelea ovyo. Ikikatika njiani, hakuna fundi wa kuitwa.

Shasi: pembetatu, kama miti ya shimoni

Mchimbaji anajua kwamba mraba wa miti minne shimoni unalala upande udongo ukisukuma. Ukitia mti wa tano kwa mshazari, unasimama. Shasi ya gari ni mambo yaleyale. Mabomba mawili marefu na ya kukingama hayatoshi, yanajikunja kwenye kona na milango haifungi tena. Kila mraba upate mshazari wake, sana sana karibu na motere na nyuma ya kiti.

Bomba linunuliwe jipya, la unene unaojulikana. Chuma cha beto kisiguse shasi hata kidogo: kinafaa ndani ya nguzo ya nyumba, hakikutengenezwa kwa kutetemeka miaka kumi. Kwanza mutengeneze meza ya kupimia, nzito na iliyonyooka, na mabomba yafungwe juu yake. Mushike viungo vyote kwa tone moja moja, mupime kona kwa kona, ndipo muchomelee kabisa, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Ukimaliza upande mmoja kwanza, joto litavuta shasi yote kama ubao mbichi.

Mlango wa duka ukichomelewa vibaya unalia tu. Shasi ikichomelewa vibaya inaua. Fundi ajaribu kwanza kwa vipande vya bomba lilelile: achomelee, avunje kwa nyundo, aangalie. Bomba likipasuka pembeni ya mshono na mshono ukabaki, yuko tayari. Mshono ukiachia, arudie kujifunza. Fimbo za kuchomelea zikae pakavu, na umeme unaopanda na kushuka usiaminiwe. Heri kungoja jenereta nzuri.

Ngozi ya gari na mapafu ya fundi

Mwili wa kupé unaweza kupigwa kwa bati, na mafundi wa masanduku ya bati tuko nao. Lakini mikunjo ya Daytona ni migumu, na kopi nyingi zinatumia nyuzi za kioo na rezini. Unatengeneza kwanza umbo kwa mbao na plasta, unalisugua mpaka linang'aa, unalipaka nta. Juu yake unatoa kibumba cha kike, na ndani ya kibumba unatandika nyuzi na rezini, tabaka kwa tabaka.

Hapa sendika inasema kwa sauti. Vumbi ya nyuzi za kioo na moshi wa rezini vinaharibu kifua, kama vumbi ya mawe inavyoharibu kifua cha mchimbaji. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi, inahitajika maski yenye kichujio, miwani, glovu, na mlango wazi.

Tena rezini inagandishwa na vitu viwili: kigandishi, na kiharakisha chenye kobalti. Ndiyo, kobalti yenyewe, ambayo nchi yetu inachimba kupita nchi zote za dunia. Vitu hivi viwili visichanganywe kamwe moja kwa moja, vinaweza kulipuka. Kimoja kinaingia kwanza ndani ya rezini na kukorogwa, ndipo kingine. Kijana anayepewa chupa bila kuambiwa hivyo ametumwa vitani bila silaha.

Freni, kiti na upinde

Angalieni chukudu, gari letu la mbao la Kivu, lililojengewa sanamu huko Goma. Halina motere, lakini linabeba mamia ya kilo, na vijana wanateremka nalo mbio milimani. Kitu kinachomleta mwenye chukudu nyumbani ni kipande cha mpira nyuma, anachokikanyaga kwa mguu. Na kwa kupé mambo ni hayo: freni zijengwe kabla ya motere kuwashwa.

Ukifunga freni, uzito wote unakimbilia mbele. Kwa hiyo mbele kuhitaji diski kubwa na nyuma kuhitaji kidogo, la sivyo mkia utakupita. Njia ya Butembo mpaka Beni inateremka zaidi ya mita 500 ndani ya kilometa 54. Mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewani kidogo kidogo, na yakipata moto maji yale yanachemka na pedali inaenda chini bure. Mafuta hayo yabadilishwe kila mwaka, na kabla ya kila shindano.

Na hapa kazi mbili zinagombana. Plakete za mashindano zinauma vizuri zikiwa na moto mkali, asubuhi zikiwa baridi zinateleza, na mtoto wa shule anavuka. Gari inayorudi mjini itumie plakete za barabara. Siku ya shindano zibadilishwe, ni kazi ya saa moja. Resori zenye uzi wa kurekebisha zinasaidia pia: kushusha kwa shindano la lami, kupandisha mpaka sentimeta 18 kwa njia zetu.

Kitu ambacho vijana wengi hawakifikirie ni ule upinde wa mabomba ndani ya gari unaolinda kichwa ikipinduka. Kwa shindano ni lazima, sababu dereva iko na kofia ngumu. Lakini barabarani, bila kofia, bomba lilelile lililo karibu na sikio linaweza kumvunja kichwa kwa ajali ndogo. Gari ya kazi mbili iwe na upinde nyuma ya kiti, mbali na kichwa, uliofunikwa na sponji ngumu, na mshipi wa kawaida wa pointi tatu kwa kila siku. Pine za okazio zisomwe ubavuni: namba nne za mwisho ni juma na mwaka. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Pine nzee ni ngumu kama kiatu kikavu, hata kama meno yake mazima.

Njia, karatasi na jina

Mwezi wa 6 mwaka 2021, Marais Tshisekedi na Museveni walizindua huko Mpondwe mpango wa njia za kilometa 223: Kasindi–Beni 80, Beni–Butembo 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma 89. Kila kilometa ya lami itakuwa kishawishi. Tunasema mapema: barabara ya watu si uwanja. Mama mwenye kikapu na mwana-pikipiki hawakujiandikisha katika shindano lako.

Gari ikiisha, iende kwa kontrole teknike, ipate karti ya waridi, plaki na asiransi, na namba ya shasi igongwe kwa chuma mbele ya wenye mamlaka. Waulizwe kabla ya kukata bomba la kwanza, si baada ya kupaka rangi. Na jina liwe la kweli. Kopi ni kopi. Anayebandika alama ya Shelby na kuuza kama ya asili ni mwizi, hata kama mikono yake ni mizuri. Aandike pale jina la warsha yake. Siku moja jina hilo litakuwa na bei.

Nani atalipwa?

Mifano ya jirani inafundisha. Kenya, mwaka 1986, Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer zilionyeshwa zikitembea, lakini kiwanda cha kuzizalisha kilikosa feza. Uganda, mwaka 2011, watu wa Makerere walitoa Kiira EV, gari ya umeme ya watu wawili, na baadaye kazi hiyo ikazaa mabasi. Nyayo na Kiira zote mbili zilitembea. Kilichozitenga ni kama kuna mtu aliyeendelea kulipa mafundi siku baada ya sherehe.

Kwa hiyo tunaomba wafanyabiashara wa Butembo, wanaojua kuleta kontena kutoka Guangzhou na Dubai, wasinunue tu kupé iliyokwisha kutengenezwa. Watie feza kwa warsha moja, pamoja na shule ya ufundi, na kazi iandikwe: nani anachomelea, nani anapima, kila juma analipwa ngapi. Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema juu ya mkataba wa kujifunza kazi, na mkataba huo unaandikwa. Kijana anayefagia garaji miaka mitatu kwa sahani ya foufou hajifunze kazi, anatumikishwa.

Na vijana wasianze na mwili mzuri wa kupiga picha. Waanze na shasi tupu, kiti kimoja, volani na freni. Waisukume kwa mikono, waipandishe juu ya mawe, wapime tena kama imejikunja. Ikibaki nyoofu, ndipo wapandishe motere. Gari ya namna hiyo haina sura bado, lakini mwenye macho ya kazi ataitambua kwamba ni gari.